Urithi Usio na Ukuta wa Mawe: Historia ya Mahali na Sheria ya Malikale katika Mkoa wa Singida

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya historia ya wenyeji wa Mkoa wa Singida katika mfumo wa kisheria wa kuhifadhi malikale nchini Tanzania. Yanazingatia maeneo manne: Kilimatinde, Sekenke, Kirumi na Unyaturu ya wakati wa Liti. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya urithi wa Singida imo katika matendo, majina na mahali pasipo majengo ya kudumu, na nyingi katika kumbukumbu zake ni za baada ya mwaka 1863, ambao ndio mpaka unaotumiwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kwa sababu hiyo, yale ambayo wenyeji wanayahesabu kuwa kiini cha historia yao hayapati ulinzi wa moja kwa moja, ilhali mambo yaliyowavutia wageni hutambulika kwa urahisi zaidi. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha njia zilizomo ndani ya sheria zilizopo ambazo zingeweza kuziba pengo hilo.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetaka kuandika historia ya Kilwa huanza na magofu. Msikiti mkuu upo, kasri la Husuni Kubwa lipo, sarafu na vigae vimo ardhini, na tangu mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mtu anayetaka kuandika historia ya Singida hana pa kuanzia pa namna hiyo. Atakutana na mawe makubwa ya matale yaliyosimama yenyewe tangu kale, maziwa ya magadi ya Singidani na Kindai, mbuga ya Wembere, mapori ya Itigi, na vijiji ambavyo nyumba zake nyingi zimejengwa upya zaidi ya mara moja katika uhai wa wazee wanaoishi humo. Ni rahisi kwa mtafiti kuhitimisha kwamba hapa pana jiografia na hapana historia.

Makala haya yanapinga hitimisho hilo. Yanadai kwamba tatizo limo katika kipimo kinachotumiwa kuitambua historia, kipimo kilichozoea jengo la kudumu na tarehe ya mbali. Swali linaloongoza uchambuzi ni hili: ni historia ya nani inayoingia katika orodha ya malikale pale ambapo wenyeji walijenga kwa miti na udongo, wakaabudu chini ya miti na katika mapango, na wakapigania nchi yao katika muongo wa kwanza wa karne ya ishirini? Swali hili si la nadharia tupu. Mahali pasipotambuliwa na sheria panaweza kulimwa, kuchimbwa au kujengwa bila mtu yeyote kuhesabiwa kuwa amevunja kitu.

Uchambuzi umetegemea maandiko yaliyochapishwa kuhusu watu wa Singida, masimulizi yaliyokwisha kukusanywa na watafiti waliotangulia, pamoja na sheria na sera zinazohusu malikale. Katika kushughulikia masimulizi, makala yanafuata msimamo wa Vansina (1965) kwamba simulizi ni chanzo cha historia kinachostahili kuhakikiwa kwa vigezo vyake, kama vile waraka unavyohakikiwa kwa vigezo vyake.

2.0 Mkoa na Watu Wake

Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963, ukiwa umemegwa kutoka lililokuwa Jimbo la Kati. Wanyaturu, wajiitao Arimi, wanakaa sehemu ya katikati ya mkoa. Wanyiramba wako kaskazini-magharibi. Waisanzu wako kaskazini, katika wilaya ya sasa ya Mkalama, wakipakana na Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Kusini, katika Manyoni na Itigi, wako Wagogo na Wakimbu, na katika mbuga wametawanyika wafugaji wa Kitaturu, ambao baadaye walifuatwa na Wasukuma.

Jamii hizi hazikufanana katika mpangilio wa mamlaka, na tofauti hiyo ina uzito katika hoja ya makala haya. Waisanzu walikuwa na watemi ambao kazi yao kubwa ilikuwa mvua. Wanyaturu, kama alivyoeleza Schneider (1970) katika utafiti wake juu ya Wahi, hawakuwa na mtawala mmoja. Mambo yao yaliendeshwa na wazee wa koo na wa vijiji, na ng'ombe walikuwa kiungo cha mahusiano mengi ya kijamii. Mtafiti anayetafuta ikulu ya Unyaturu hataipata, kwa kuwa haikuwahi kuwapo.

Ujenzi nao ulifuata mazingira. Nyumba iliyozoeleka ilikuwa tembe: kuta za miti zilizokandikwa udongo, na paa la bapa lililofunikwa kwa udongo. Tembe huhimili jua kali na upepo wa uwanda wa juu, huhifadhi nafaka na mifugo, na hujengwa kwa vitu vinavyopatikana karibu. Lakini mchwa na mvua huila. Hudumu kwa kujengwa upya, wala haidumu kwa kuachwa ilivyo. Ujuzi wa kuijenga unaweza kuwa wa karne nyingi hata kama tembe lenyewe lina miaka ishirini tu.

3.0 Mwaka 1863 kama Mpaka wa Urithi

Uhifadhi wa kisheria wa malikale Tanganyika ulianza wakati wa ukoloni wa Waingereza, kwa sheria ya kuhifadhi kumbukumbu ya mwaka 1937. Baada ya uhuru ilitungwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 1979 na ndiyo inayotumika hadi leo. Sheria hiyo inatoa ulinzi wa moja kwa moja kwa majengo, ngome, makaburi, mahandaki, visima na mapango yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na michoro ya miambani iliyofanywa kabla ya mwaka huo. Kitu cha baada ya hapo kinaweza kulindwa, lakini ni lazima kwanza Waziri mwenye dhamana akitangaze katika Gazeti la Serikali.

Kwa pwani, mpaka huo una mantiki. Mawe ya matumbawe na chokaa hukaa. Misikiti, makaburi ya nguzo na kuta za miji ya kale ya Kaole au Kilwa ni ya zamani kuliko mwaka uliotajwa. Kwa Singida, mpaka uleule unatoa matokeo tofauti kabisa. Hakuna tembe la mwaka 1863 linaloweza kutarajiwa kuwa limesimama. Maboma ya Kijerumani ni ya baada ya hapo, na migodi ni ya baada ya hapo. Mapambano dhidi ya ukoloni, ambayo kwa wenyeji ndiyo mwanzo wa kumbukumbu zinazosimuliwa kwa majina ya watu, nayo ni ya baada ya hapo. Kinachobaki upande wa pili wa mpaka ni michoro ya miambani, ambayo inapatikana Iramba na Isanzu kama inavyopatikana katika wilaya jirani ya Kondoa. Hata hiyo ina utata wa kuthibitisha tarehe, kwa sababu baadhi ya michoro, hasa ile ya rangi nyeupe, hufikiriwa kuwa ya nyakati za karibu zaidi kuliko michoro myekundu.

Mtunga sheria hakukusudia kuibagua Singida. Hata hivyo, sheria inayopima urithi kwa umri wa kitu inaupa upendeleo ustaarabu uliojenga kwa mawe, na kuuacha nyuma ule uliojenga kwa udongo na kuhifadhi kwa kauli. Mifano minne inayofuata inaonyesha jinsi hali hiyo inavyojitokeza.

4.0 Kilimatinde: Urithi wa Wapita Njia

Kilimatinde, katika wilaya ya Manyoni, iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipoacha Ugogo na kuanza kuelekea Tabora na Ujiji. Magharibi yake lilianza pori lililojulikana na wapagazi kwa jina la Mgunda Mkali, lenye maji haba na makazi machache. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya kumi na tisa waliliandika jina hilo katika vitabu vyao kwa sababu waliliogopa kama walivyoliogopa wapagazi wao. Upande wa Ugogo misafara ilitozwa hongo na watawala wa mahali. Upande wa pori ilitozwa na kiu. Wajerumani walipoishika nchi, waliweka kituo cha kijeshi Kilimatinde kwa sababu ileile iliyowafanya wafanyabiashara wapumzike hapo.

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO pendekezo la Njia ya Kati ya Biashara ya Utumwa na Pembe za Ndovu kuingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Vituo sita vilitajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwa hatua hiyo, sehemu ya ardhi ya Singida ilipata nafasi katika mazungumzo ya kimataifa kuhusu urithi.

Hatua hiyo ni ya kupongezwa, kwa kuwa biashara ya watumwa ni jambo ambalo taifa halipaswi kulisahau. Lakini yafaa kutazama kwa makini ni nini hasa kilichotambuliwa. Kilimatinde imeingia katika orodha kwa sababu ya watu waliopita. Wagogo na Wakimbu waliochimba visima, waliouza nafaka kwa misafara, waliotoza hongo, na waliopoteza watoto wao katika minyororo, wanaonekana katika habari hiyo kama mandhari ya njia. Historia ya njia imeandikwa kutoka kwa mtembeaji. Historia ya aliyesimama kando ya njia akimwona mtembeaji akija bado inangoja kuandikwa kwa uzito uleule.

5.0 Sekenke: Dhahabu Iliyoondoka

Sekenke, katika wilaya ya Iramba, ndipo ulipofunguliwa mgodi wa kwanza wa dhahabu katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwaka 1909. Mgodi huo unajulikana zaidi miongoni mwa wakusanyaji wa sarafu kuliko miongoni mwa wanafunzi wa historia. Sababu ni Vita Kuu ya Kwanza. Koloni lilipozingirwa na kukosa fedha kutoka Ujerumani, utawala ulifua sarafu zake wenyewe katika karakana ya reli mjini Tabora. Mwaka 1916 ilitolewa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tai wa dola upande mmoja na tembo mbele ya mlima upande wa pili. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Zilifuliwa sarafu 16,198 tu kabla majeshi ya Wabelgiji hayajaingia Tabora mwezi Septemba mwaka huohuo.

Leo sarafu hizo ziko katika makumbusho na katika minada ya Ulaya na Marekani, ambako huuzwa kwa bei kubwa kwa sababu ya uchache wake. Orodha za minada hueleza kwa undani tofauti za mapambo kati ya toleo moja na jingine. Waliochimba hawamo. Mashimo yaliyotoa dhahabu hiyo ni ya baada ya mwaka 1863, kwa hiyo hayana ulinzi wa moja kwa moja kama kumbukumbu. Na kwa kuwa eneo la Sekenke limeendelea kuwa la uchimbaji, kila kizazi cha wachimbaji wadogo hufukua au kufukia alama za kizazi kilichotangulia.

Mchimbaji anayetafuta riziki halaumiwi hapa. Mfano wa Sekenke unaonyesha jambo jingine: kitu kimoja kinaweza kuwa urithi wenye thamani kubwa kikiwa kimeondoka mahali pake, na kuwa shimo lisilo na jina pale kilikotoka. Sarafu imehifadhiwa, historia ya kazi iliyoizaa haikuhifadhiwa. Utafiti wa historia ya vibarua wa Sekenke, waliofanya kazi chini ya Wajerumani na baadaye chini ya Waingereza, ungekuwa mchango mkubwa kwa historia ya madini nchini, ambayo kwa kawaida huanzia Geita na Mwadui.

6.0 Kirumi: Mvua na Watawala Wawili

Kirumi, katika nchi ya Isanzu, ni kitovu cha mambo ya mvua. Kwa mujibu wa Sanders (2008), ambaye alifanya utafiti wa muda mrefu miongoni mwa Waisanzu, mamlaka ya mvua yamo katika ukoo wa Anyampanda wa Kirumi, na hushikwa na watu wawili kwa pamoja, mwanamume na mwanamke. Waisanzu hufuata ukoo wa upande wa mama, na masimulizi yao yanasema kwamba wahenga wao walitoka Ukerewe. Mawe ya mvua, dawa, na matambiko ya mwanzo wa msimu wa kilimo vinahitaji pande zote mbili. Mvua, kama uzazi, haiji kwa jinsia moja.

Wajerumani walijenga boma lao Mkalama, karibu na moyo wa nchi hiyo. Mwanajiografia Erich Obst alipita hapo na kuandika juu ya safari yake kutoka Mkalama kwenda nchi ya Wahadzabe, ambao yeye aliwaita Wakindiga (Obst 1912). Baada ya Waingereza kuishika nchi, na hasa baada ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, serikali ilihitaji mtemi wa namna fulani: mtu mmoja, mwenye mshahara, mwenye baraza na mwenye kukusanya kodi. Muundo huo haukuwa na kiti cha pili. Mtemi wa kike aliendelea kuwa na kazi yake mbele ya watu wake, lakini katika karatasi za utawala alibaki pembeni.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake za kisiasa, kwa kuwa machifu wengi walikuwa wametumiwa na ukoloni na taifa changa lilitafuta umoja. Lakini Kirumi cheo kilichofutwa kilikuwa kile cha kodi na baraza. Kazi ya mvua haikuanzishwa na serikali, wala serikali haikuweza kuimaliza kwa tangazo. Sanders alikuta matambiko yakiendelea miongo mitatu baadaye, wakati ambapo Waisanzu wengi walikuwa wamekwisha kuwa Wakristo na wachache Waislamu. Baadhi waliyaona kuwa kinyume cha dini, wengine waliyaona kuwa wajibu kwa ardhi. Mjadala huo wenyewe ni sehemu ya historia ya mahali.

Sasa tuipime Kirumi kwa sheria. Nyumba ya mvua si jengo la mwaka 1863. Mawe ya mvua yanaweza kuwa ya kale, lakini umuhimu wake haumo katika umri wa jiwe. Umo katika mikono inayoruhusiwa kulishika na katika msimu wa kulishika. Jiwe hilo likipelekwa katika kabati la makumbusho litakuwa limehifadhiwa kama kitu na kupotea kama urithi. Boma la Mkalama, ambalo ni la karne ya ishirini, lina nafasi kubwa zaidi ya kutangazwa kuwa kumbukumbu kwa sababu lina kuta zinazoweza kupimwa na kuchorewa ramani. Hivyo ngome ya mtawala mgeni inakuwa rahisi kuhifadhi kuliko kitovu cha mamlaka aliyokuja kuyatawala.

7.0 Liti: Nyuki, Waraka na Uwanja wa Mpira

Miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini Wanyaturu walipambana na utawala wa Kijerumani. Simulizi inayojulikana kuliko zote ni ya Liti, mwanamke ambaye uwezo wake wa dawa ulikusanya watu, na ambaye inasemwa aliwaamuru nyuki wawashambulie askari wa Kijerumani. Marguerite Jellicoe alichapisha mwaka 1969 makala ya kitaaluma kuhusu mapambano ya Wanyaturu, na kazi hiyo imebaki kuwa nguzo kwa kila anayelishughulikia jambo hili.

Mwanahistoria afanye nini na nyuki? Njia moja ni kuwaondoa na kubakiza vita. Njia nyingine ni kuwaamini bila kuuliza. Zote mbili zinaipoteza simulizi. Singida ni nchi ya asali. Mizinga ya magogo hutundikwa mitini, na ufugaji wa nyuki ni ujuzi unaorithiwa. Jamii inayojua tabia ya nyuki, majira yao na kinachowachokoza, inaweza kuwatumia kama silaha. Inaweza pia kuwatumia kama lugha: nyuki hawana mfalme anayeonekana kwa mgeni, lakini huondoka mzingani kwa pamoja. Kwa Wanyaturu, ambao hawakuwa na mtawala mmoja, simulizi ya kundi lisilo na jemadari anayeonekana lakini linalouma kwa umoja ni maelezo ya siasa yao wenyewe. Iwe nyuki walikuwa wa kweli, wa kitamathali, au vyote viwili, wamebeba habari ambayo ripoti ya askari haikuweza kuibeba.

Linganisho na Maji Maji ya 1905 hadi 1907 linasaidia. Kinjikitile Ngwale naye aliunganisha watu wasio na mtawala mmoja kwa dawa. Lakini mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliendesha mradi maalumu wa kukusanya masimulizi ya Maji Maji. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile. Na Songea kuna makumbusho ya vita hivyo. Fuvu la Mkwawa lilirejeshwa Uhehe mwaka 1954 na kuwekwa Kalenga. Mapambano ya Singida hayakupata mradi wa namna hiyo, na wazee waliosikia habari kwa vinywa vya walioshuhudia wamekwisha kufariki.

Uchache wa masimulizi yaliyokusanywa unaongeza uzito wa nyaraka za kikoloni, na nyaraka hizo zina upogo wake. Afisa wa Kijerumani Eberhard von Sick aliandika kirefu juu ya Wanyaturu (von Sick 1916), na maelezo yake yana thamani kubwa, lakini aliandika kama mtawala juu ya watawaliwa. Wakati wa Waingereza, jambo lililoijaza Singida katika majalada lilikuwa mauaji ya watu-simba, yaani mbojo, hasa ya miaka ya 1946 na 1947. Schneider (1962) aliona haja ya kuyatathmini upya maelezo yaliyotolewa kuhusu mauaji hayo. Majalada hukua pale serikali inapoogopa. Mtafiti anayeyategemea peke yake atadhani kwamba Singida ilikuwa nchi ya hofu na uchawi, na atamweka Liti katika fungu hilohilo, wakati ambapo watu wake wanamweka katika fungu la mashujaa.

Katika miaka ya karibuni jina lake limepata makao mapya. Uwanja wa mpira wa miguu mjini Singida, uliojulikana kwa muda mrefu kama Namfua, sasa unaitwa Liti. Kila mechi ya ligi inapochezwa hapo, jina hilo hutamkwa redioni kote nchini. Hii ni hifadhi ya namna yake, nayo haikutoka katika Sheria ya Mambo ya Kale. Lakini jina bila habari huchakaa upesi. Msikilizaji wa Mbeya au Mtwara anaweza kulisikia kwa miaka kumi asijue kwamba lilikuwa la mwanamke, wala kwamba mwanamke huyo alipigana na dola.

8.0 Mjadala: Njia Zilizomo ndani ya Sheria Zilizopo

Mifano minne inaonyesha mwelekeo mmoja. Kilimatinde ilitambuliwa kwa ajili ya wapitao, dhahabu ya Sekenke ilitambuliwa ilipoondoka, Mkalama inapimika kuliko Kirumi, na Liti amebaki jina. Kadiri kumbukumbu inavyokuwa karibu na wenyeji, ndivyo inavyokuwa mbali na ulinzi.

Kuna sababu nyingine iliyozidisha hali hiyo. Katika uanzishaji wa vijiji vya ujamaa kati ya 1973 na 1976, familia nyingi nchini zilihamishwa kutoka katika makazi ya kutawanyika. Mahame yaliyoachwa yalikuwa na makaburi ya wazee, miti ya matambiko na mipaka ya koo. Mahali palipokuwa pakitembelewa kila siku palianza kutembelewa mara chache, na mtoto aliyezaliwa kijijini alijifunza jina la mahali bila kupaona.

Makala haya hayapendekezi kwamba kila mti na kila pango litangazwe kuwa mali ya taifa. Tangazo la namna hiyo linaweza kuwaondoa wenyeji katika mahali pao, na kwa tambiko kuondolewa kwa wenyeji ni sawa na kubomolewa. Zipo njia nyepesi zaidi. Ya kwanza ni mamlaka ya Waziri ya kutangaza maeneo ya baada ya 1863, ambayo yangeweza kutumika kwa boma la Mkalama na kwa sehemu teule ya mgodi wa kale wa Sekenke. Ya pili ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, pamoja na sheria ndogo za vijiji, ambazo zinaruhusu kijiji kutenga ardhi kwa matumizi ya pamoja. Kwa njia hii Kirumi inaweza kulindwa na watu wake bila kugeuzwa makumbusho. Ya tatu ni Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, na ambao unatambua ujuzi, matambiko na masimulizi kuwa urithi kamili. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 nayo inatoa nafasi kwa jamii kushiriki katika uhifadhi. Pengo lililopo ni la kuziunganisha nyenzo hizi na mahali mahususi.

Njia ya nne ni ya wanataaluma wenyewe. Wanafunzi wa historia, Kiswahili na akiolojia wanaotoka Singida wanaijua Kinyaturu, Kinyiramba au Kiisanzu. Tasnifu moja inayokusanya kwa utaratibu masimulizi ya Liti katika matoleo yake mbalimbali, ikieleza nani alisimulia nini, wapi na kwa nasaba ipi, ingekuwa na thamani kuliko mnara. Nakala ya tasnifu hiyo ibaki pia katika shule za kata ambako masimulizi yalichukuliwa.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba ukimya wa Singida katika orodha za malikale hautokani na upungufu wa historia. Unatokana na kipimo kinachotafuta ukuta wa mawe na tarehe ya kabla ya 1863, katika nchi ambayo watu wake walijenga tembe, waliomba mvua kwa mawe wasiyoyachonga, na walipigana na Wajerumani baada ya mwaka huo. Kipimo hicho kinaweza kurekebishwa bila kubomoa sheria iliyopo, kwa sababu mamlaka ya kufanya hivyo yamo ndani ya sheria hiyo na ndani ya sheria za ardhi na mikataba ambayo nchi imekwisha kuikubali.

Kisichoweza kurekebishwa baadaye ni kumbukumbu ya mtu aliyekufa bila kuulizwa. Boma la Mkalama linaweza kungoja miaka mingine kumi likapimwa. Msimulizi wa Kirumi au wa Unyaturu, ambaye alisikia habari kwa bibi aliyezisikia kwa waliokuwapo, hawezi kungoja hivyo. Kwa mpangilio wa kazi, basi, masimulizi yatangulie na kuta zifuate.